Sahihi ya Fundi

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma juu ya maisha ya fundi wa ndege za kijeshi.)



Ndege inapopaa, macho ya watu humfuata rubani. Ndege inapotua salama, pongezi humwendea rubani huyo huyo. Ni haki yake, kwani kazi yake ni ngumu na ya hatari. Lakini kabla rubani hajapanda ngazi, yuko mtu aliyeamka saa tisa za usiku, akatambaa chini ya tumbo la ndege, akapapasa kila mrija, akatazama kila nati, kisha akafuta mikono yake kwa kitambaa na kuandika jina lake katika daftari. Mtu huyo ni fundi. Jina lake halitangazwi redioni, wala picha yake haichapwi magazetini. Hata hivyo, bila sahihi yake ndege hairuki.

Mazungumzo haya yanahusu maisha ya mtu wa namna hiyo: fundi aliyelifanya jeshi kuwa kazi ya maisha yake, na ambaye nyuma yake, kama walivyo mafundi wote wa kazi hiyo, imo nyumba yenye watu wanaomngojea. Mfano wenyewe unatoka Marekani. Ni maisha ya Thomas Barnes, Mmarekani Mweusi aliyeingia katika Jeshi la Anga la nchi hiyo mwezi Aprili 1949 akiwa kijana wa miaka 18, akatoka humo tarehe 31 Julai 1977 baada ya miaka 28, akiwa na cheo kikubwa kuliko vyote anavyoweza kupata askari asiye ofisa. Habari za utumishi wake zimo katika kumbukumbu za umma, nazo zina mafunzo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kutia sahihi.

MLANGO ULIOFUNGWA

Barnes alizaliwa tarehe 16 Novemba 1930 katika mji wa Chester, jimbo la Pennsylvania, na huko ndiko alikosoma. Chester ni mji wa viwanda kando ya mto Delaware, karibu na Philadelphia. Katika miaka ya utoto wake, Mmarekani Mweusi hakuruhusiwa kabisa kuigusa ndege ya jeshi la nchi yake, si kwa kuiendesha wala kwa kuitengeneza. Mwaka 1925 Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani kilikuwa kimetoa taarifa iliyodai kwamba watu weusi hawana akili wala moyo wa kufanya kazi ngumu za kijeshi. Taarifa hiyo haikuwa elimu. Ilikuwa ubaguzi uliovikwa joho la elimu. Lakini ilitumika kwa muda mrefu kama hoja ya kuwafungia watu mlango.

Mlango ulianza kufunguliwa kidogo mwaka 1941. Mwezi Machi mwaka huo kikosi cha kwanza cha anga cha watu weusi, Kikosi cha 99, kiliundwa katika kambi ya Chanute, jimbo la Illinois. Historia husimulia zaidi habari za marubani wa kikosi hicho, ambao walijifunzia Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba katika Chanute waliotangulia walikuwa mafundi. Kabla rubani hata mmoja hajahitimu, walikuwapo vijana weusi wakijifunza injini, umeme, silaha na mabati ya ndege. Wale waliosema kwamba mtu mweusi hawezi kurusha ndege walisema pia kwamba hawezi kuitunza. Madai hayo mawili yalijibiwa pamoja, moja angani na jingine ardhini.

Hata hivyo, vikosi hivyo vilikuwa vya kutengwa. Weusi walikuwa na mabweni yao, meza zao na vilabu vyao. Ilipofika tarehe 26 Julai 1948, Rais Harry Truman alitia sahihi Amri Namba 9981, iliyotaka askari wote wa Marekani watendewe sawa bila kujali rangi, dini wala asili. Jeshi la Anga, ambalo lilikuwa limetenganishwa na jeshi la nchi kavu mwezi Septemba 1947 tu, lilianza kutekeleza amri hiyo mwezi Mei 1949. Barnes aliingia mwezi mmoja kabla ya utekelezaji huo. Basi utumishi wake na jaribio la kuwachanganya askari wa rangi zote katika jeshi hilo vilianza karibu siku moja na kukua pamoja.

MAFUTA YALETAYO NGUVU

Kijana huyu alipelekwa Chanute, shule ile ile ya mafundi wa mwaka 1941. Huko alijifunza kwanza ndege na injini zake, kisha akafanywa fundi wa haidroli.

Inafaa kueleza kidogo kazi hiyo. Ndege kubwa ina viungo ambavyo mkono wa binadamu peke yake hauwezi kuvisukuma kwa urahisi: magurudumu yanayokunjwa baada ya kupaa na kukunjuliwa kabla ya kutua, vibawa vinavyoteremshwa kupunguza mwendo, na breki za kuzuia mzigo mzito unaokimbia. Viungo hivyo husukumwa na mafuta maalumu yanayopita katika mirija myembamba. Pampu huyakandamiza mafuta hayo, nayo, kwa kuwa hayakubali kusongamana, huupeleka msukumo huo mpaka kwenye kiungo kinachotakiwa. Katika ndege za jeti kama zile alizokuja kuzitunza baadaye, kani ya mafuta hayo huzidi kilo 200 katika kila sentimita moja ya mraba.

Kani ya namna hiyo haina mzaha. Mrija ukipata tundu dogo kama ncha ya sindano, mafuta yanayochomoka humo huweza kuipenya ngozi na kuingia mwilini. Ndiyo maana fundi aliyefundishwa vizuri hapapasi kwa kidole mahali panapovuja. Hupitisha kipande cha boksi au ubao, akaona ulipolowa. Hali kadhalika, hufundishwa kuwa tone moja la mafuta sakafuni ni ujumbe. Asiyejua atalipangusa akaenda zake. Anayejua atauliza limetoka wapi, kwani mrija unaodondosha tone moja ndege ikiwa imesimama huenda ukapasuka ndege ikiwa juu ya bahari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa ndege hapewi hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.

Mwezi Oktoba 1950 Barnes alihamishiwa katika kikosi cha ndege za uchukuzi kilichokuwa kambi ya McChord, jimbo la Washington, magharibi ya mbali ya nchi hiyo. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza mwezi Juni mwaka huo. Muda si muda kikosi chake kilipelekwa Ashiya, nchini Japani, na kutoka huko ndege zake za aina ya C-54, zenye injini nne, zikawa zinavuka bahari kwenda Korea na kurudi.

Huko kulikuwa na upungufu wa watu. Barnes akajifunza kazini kazi ya pili, ile ya fundi anayeruka pamoja na ndege, ambaye hukaa nyuma ya marubani akitazama saa za injini, joto, mafuta na kani. Baada ya kufuzu akawa anafanya kazi zote mbili: angani alikuwa mwangalizi wa injini, na akitua aliyachukua tena masanduku ya spana akawa fundi wa haidroli. Hapa pana jambo la kutafakari. Mtu anayeitengeneza ndege na kisha kupanda ndani yake hana namna ya kujidanganya. Ubovu aliouficha ardhini atakutana nao mawinguni.

ALAMA NYEKUNDU

Sasa tulia kidogo kwenye lile daftari, maana ndilo moyo wa mazungumzo haya.

Kila ndege ya Jeshi la Anga la Marekani ina kitabu chake. Ndani yake huandikwa saa ilizoruka, mafuta iliyotiwa, na kila kasoro iliyoonekana na rubani au fundi. Kando ya kasoro huwekwa alama ya wino mwekundu. Ziko alama tatu. Mstari mfupi uliolala maana yake ni kwamba ukaguzi fulani haujafanywa na hali ya kitu hicho haijulikani. Mstari mmoja wa mshazari maana yake ni kwamba ipo kasoro, lakini si ya kuizuia ndege kuruka. Mistari miwili iliyokatizana, yaani X, maana yake ni moja tu: ndege hii hairuki.

Alama hiyo ya X ikishawekwa, haiondolewi kwa maneno. Haiondolewi kwa haraka ya safari, wala kwa hasira ya mkubwa. Kwanza kazi ifanywe. Kisha mkaguzi aliyepewa mamlaka hiyo aikague kazi yenyewe kwa macho yake, na atie sahihi yake. Mpaka hapo, hakuna mwenye ruhusa ya kuamuru ndege hiyo iruke. Basi sajini mwenye mikono ya mafuta anaweza kuizuia ndege ya jenerali, na jenerali akangoja.

Jeshi ni mahali pa amri. Mdogo husimama, mkubwa akapita. Lakini hata jeshi, pamoja na ukali wake wote, lilitambua kwamba chuma hakijui cheo. Mrija uliochoka hautaacha kupasuka kwa sababu aliyemo ndani ni mkuu. Ndipo likaona ni lazima pawe na mahali pamoja ambapo neno la kweli la mtu mdogo linazidi neno la haraka la mtu mkubwa, na mahali hapo ni katika ukurasa wa daftari.

Kwa kijana mweusi wa mwaka 1950, ukurasa huo ulikuwa na maana nyingine zaidi. Nje ya kambi, katika majimbo mengi, hakuruhusiwa kuketi hotelini pamoja na mzungu. Ndani ya daftari, rubani mzungu aliweka uhai wake mikononi mwa sahihi yake. Wino haukuonyesha rangi ya mkono ulioushika. Ama kazi ilikuwa imefanywa, ama haikufanywa.

BARIDI YA MAINE

Baada ya Japani, Barnes alirudi Marekani, akatumikia kambi ya Westover katika jimbo la Massachusetts, kisha kambi ya Andrews, iliyo Maryland karibu na mji mkuu wa nchi hiyo. Andrews alikuwa kiongozi wa mafundi wa ndege na fundi arukaye. Mwezi Juni 1958 alipelekwa Loring, katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Kanada.

Loring ilikuwa kambi ya ndege kubwa za kutupa mabomu aina ya B-52. Ndege hiyo ilijaribiwa angani kwa mara ya kwanza mwaka 1952, na mpaka leo bado inaruka. Ina injini nane, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni mita 56. Kiongozi wa mafundi ndiye mwenye dhamana ya ndege moja kama hiyo yote. Ataita fundi wa umeme, fundi wa injini, fundi wa haidroli, kila mmoja kwa kazi yake. Lakini swali likiulizwa kama ndege iko tayari, ni yeye atakayejibu.

Majira ya baridi huko theluji huja mapema na kuondoka kwa kuchelewa, na joto hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Ndege ya ukubwa ule mara nyingi hutengenezwa nje. Chuma kilichoganda hung'ang'ania ngozi tupu. Mipira ya kuzuia mafuta husinyaa kwa baridi, na mirija ambayo jana ilikuwa mikavu leo hudondosha. Fundi avaapo mifuko minene ya mikono hawezi kushika nati ndogo. Avuapo, vidole vinakufa ganzi baada ya dakika chache. Basi huvua, akakaza, akavaa, akapiga mikono kifuani, akavua tena.

Tena miaka ile ilikuwa ya hofu kubwa baina ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Kufikia mwaka 1960 theluthi moja ya ndege hizo za Marekani iliwekwa tayari kupaa katika muda wa dakika 15 tangu kengele ilie, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi; mwaka uliofuata ikaamriwa iwe nusu. Wakati wa mgogoro wa Kuba, mwezi Oktoba 1962, dunia nzima ilishika roho. Ndege zilizokuwa zikingoja zilibeba silaha ambazo, kama zingetumika, zisingebakiza mshindi. Fundi aliyelala na viatu miguuni aliitunza mashine ambayo alipaswa kuomba isitumike kamwe kwa kazi iliyoundiwa.

FUNDI NA NYUMBA YAKE

Ndugu Walimu na Watumishi, hesabuni vituo hivyo: Illinois, Washington, Japani, Massachusetts, Maryland, Maine. Baada ya Maine, Washington tena, kisha California, Asia ya Kusini Mashariki na Texas. Kwenye jalada la ofisini huo ni ukurasa mmoja wa uhamisho. Katika maisha ya askari mwenye familia, kila mstari wa ukurasa huo ni nyumba inayofungwa na nyingine inayotafutwa; ni vyombo vinavyovunjika njiani; ni mtoto anayeingia darasani katikati ya muhula, akakuta wenzake wameshapita somo aliloliacha, au wanaanza lile alilokwisha kulimaliza. Mwalimu yeyote aliyepata kumpokea mtoto wa mtumishi aliyehamishwa anaufahamu uso huo.

Mke wa fundi wa ndege hujifunza kutouliza mumewe atarudi saa ngapi. Chakula hupoa mezani kwa sababu pampu imekataa. Sikukuu hupangwa na hupanguliwa. Mume akipelekwa ng'ambo mwaka mzima, mama ndiye anayebaki kuwa baba, mweka hazina na hakimu wa ugomvi wa watoto. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kazi hiyo, wala mshahara wake. Lakini fundi aliyeacha nyumbani hali isiyotulia huenda kazini na nusu ya akili, na nusu ya akili haitoshi kuikagua ndege. Kwa hiyo anayeitunza nyumba ya fundi naye anaitunza ndege, ingawa hakupata kuigusa.

Kwa fundi mweusi palikuwa na mzigo mwingine juu ya huo. Amri ya mwaka 1948 ilifika mpaka kwenye lango la kambi tu. Ndani ya lango, mume aliheshimiwa kwa sahihi yake. Nje, mkewe aliambiwa kwamba nyumba iliyotangazwa asubuhi imekwisha kupangishwa. Hata shule zilizokuwa ndani ya baadhi ya kambi za kusini ziliwatenga watoto kwa rangi mpaka Waziri wa Ulinzi Charles Wilson alipoamuru, mwezi Januari 1954, kwamba jambo hilo likome kabla ya Septemba 1955.

Mwaka 1962 Rais John Kennedy aliunda kamati chini ya mwanasheria Gerhard Gesell kuchunguza hali ya askari weusi. Taarifa yake ya Juni 1963 ilieleza wazi kwamba askari hao na familia zao walinyimwa nyumba, shule na huduma katika miji iliyozunguka kambi, na kwamba dhuluma hiyo iliidhuru kazi yenyewe ya jeshi. Mwezi uliofuata Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliwaagiza makamanda wapambane na ubaguzi hata nje ya kambi. Lakini wenye nyumba waliombwa, hawakuombeka. Mwaka 1967 ndipo waziri huyo alipowapiga marufuku askari wote, weupe kwa weusi, kupanga katika majumba ya wabaguzi yaliyozunguka kambi ya Andrews. Mwenye nyumba aliyesikia habari za haki kwa sikio moja alizisikia kwa masikio mawili kodi ilipokatika. Mwaka 1968 sheria ya nchi nzima ilikataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Hapa ndipo ilipo kweli isiyofaa kupakwa sukari. Wako wanaosema kwamba mtu mnyonge akifanya kazi vizuri, heshima itamjia yenyewe. Maisha ya mafundi hawa yanaonyesha kwamba sivyo. Kazi nzuri iliwapa hoja, iliwapa uwezo wa kusimama wima, iliwanyima wabaguzi kisingizio. Lakini kazi nzuri peke yake haikumpatia mtoto wa fundi kitanda cha kulala. Ilibidi sheria iandikwe, na watu wengi waandamane, wafungwe na wengine wafe, ndipo sheria hiyo ikaandikwa.

KAZI NA VITA

Mwaka 1966 Barnes alijifunza ndege ya kivita aina ya F-4, kisha akapelekwa vitani Asia ya Kusini Mashariki, katika kikosi cha 8 kilichokuwa kambi ya Ubon, nchini Thailand. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1967. Huko alihusika na kurudishwa kazini kwa vipuri vilivyoharibika, na baadaye na uongozi wa matengenezo.

Vita vya Vietnam viliua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam mara nyingi zaidi ya hao, wengi wao wanavijiji wasio na silaha. Kumsifu fundi kwa uhodari wa kazi yake si kuvisifu vita hivyo. Fundi hakuchagua vita, wanasiasa walivichagua. Hata hivyo uhodari wa mikono haujibu swali la mashine inatumika kwa kazi gani. Swali hilo ni la taifa zima, na taifa lisilojiuliza huwaachia mafundi wake mzigo wa dhamiri ambao daftari halina ukurasa wake.

KUTOKA SPANA HADI MEZA YA WAKUU

Mwaka 1967 Barnes alikwenda Laughlin, jimbo la Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, penye shule ya marubani wa ndege za jeti aina ya T-38. Alianza kwa kuongoza mafundi, akamalizia kuwa mshauri wa kamanda kwa mambo ya askari wa vyeo vya chini. Tarehe 1 Desemba 1969 alifikia daraja la tisa, lililo la juu kabisa kwa askari asiye ofisa. Wakati huo sheria haikuruhusu daraja hilo kuzidi mtu mmoja katika kila askari mia wa aina hiyo.

Wakati huo jeshi lilikuwa linachemka. Vijana weusi waliorudi kutoka vitani hawakuwa tayari tena kuvumilia yale waliyoyavumilia baba zao. Mwezi Mei 1971 ghasia kubwa za rangi zilizuka katika kambi ya Travis, jimbo la California, zikadumu siku kadhaa. Wakuu ambao walikuwa wakiamini kwamba jambo hilo lilikwisha mwaka 1949 walishtuka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Lilikuwa ni lile tone sakafuni, lililopanguswa miaka ishirini bila mtu kuuliza limetoka wapi.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo Barnes aliitwa kuwa mshauri katika makao makuu ya mafunzo ya Jeshi la Anga. Tarehe 1 Oktoba 1973 akateuliwa Sajini Mkuu wa Jeshi la Anga lote, mtu wa nne tangu cheo hicho kilipoanzishwa mwaka 1967. Hakuna Mmarekani Mweusi aliyepata kushika cheo cha namna hiyo kabla yake katika jeshi lolote la nchi hiyo. Utaratibu wa kuwalazimisha vijana kuingia jeshini ulikuwa umekomeshwa katika mwaka huo huo wa 1973. Jeshi sasa lilihitaji watu wanaokuja kwa hiari yao, na mtu wa hiari huuliza maswali: watoto wangu watasoma wapi, mke wangu ataishi wapi, na nikitoka humu nitakuwa nani?

Kazi ya Sajini Mkuu ilikuwa kuyafikisha maswali hayo kwenye meza ya wakuu. Kipindi chake kiliongezwa mara mbili. Katika miaka hiyo pia chuo cha jeshi hilo kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho kiliyahesabu masomo ya ufundi kuwa ni elimu yenye thamani sawa na ya darasani, kiliruhusiwa na sheria ya mwaka 1976 kutoa shahada ya miaka miwili. Jambo hilo liwaguse walimu. Kwa miaka mingi fundi aliyejua kila mrija wa B-52 alitoka jeshini akihesabiwa kuwa mtu asiyesoma.

FUNZO

Barnes alistaafu mwaka 1977, akafariki tarehe 17 Machi 2003. Shule ya Chanute alikojifunza imefungwa. Kambi ya Loring nayo imefungwa. Kilichobaki ni mfano.

Mfano huo haumwambii mtumishi awe askari, wala haumwambii aitamani Marekani. Unamuuliza juu ya sahihi yake. Mhasibu anayetia sahihi kwenye hati ya malipo, bwana afya anayeandika kwamba kisima ni salama, msimamizi anayepokea daraja kutoka kwa mkandarasi, mwalimu anayeandika katika ripoti kwamba mtoto anajua kusoma: hao wote wana daftari lao na wino wao mwekundu. Tofauti ni kwamba ndege mbovu huanguka siku hiyo hiyo na kila mtu akaona. Kisima kibovu huua polepole. Mtoto aliyepasishwa bila kujua kusoma huanguka baada ya miaka kumi, wakati aliyetia sahihi amekwisha hamishwa na jalada limeliwa na mchwa.

Kwa sababu hiyo sahihi ya ofisini inahitaji ukweli zaidi, si pungufu, kuliko sahihi ya uwanja wa ndege. Wahenga walisema, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Wako wanaofurahia pakacha la umma linapovuja, kwa kuwa mzigo unakuwa mwepesi kichwani mwao. Fundi mwema hana nafuu hiyo. Kila linalovuja ni lake.

Na wakubwa wa kazi nao wanaulizwa neno moja. Je, mdogo wao akiandika X, wataiacha isimame? Ni rahisi kuhubiri uaminifu kwa watu wa chini. Ni vigumu kuwajengea mahali ambapo ukweli wao hauadhibiwi. Jeshi, lenye amri kuliko ofisi yoyote, liliweza kuwajengea mafundi wake mahali hapo katika ukurasa mmoja wa karatasi. Ofisi ya raia haina udhuru.

Mwisho, asisahauliwe yule aliye nyumbani. Ukaguzi wa utumishi wa mtu haujakamilika mpaka iulizwe pia watoto wake wamelala wapi, wamesoma nini, na mwenzake amebeba mzigo gani ili yeye apate kuwahi kazini. Taifa linalodai sahihi safi kutoka kwa watumishi wake lina deni la kuwapatia nyumba zilizotulia. Madai hayo mawili huandikwa katika daftari moja.